Kijiti cha Chiriku

Chiriku aliitwa Chiriku kwa sababu moja tu: hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Mama yake anasema hata usingizini mtoto huyu anaongea, tena anajibizana na watu. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mpe miaka saba, mtie darasa la pili, halafu chumba anachokipenda kuliko vyote duniani kiwe maktaba ya shule, ambayo sheria yake ya kwanza ni kimya. Mungu naye ana mambo yake.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba cha mwisho kabisa, kule kwenye matangi ya maji. Rafu za mbao ukutani, mkeka mpana katikati, na viti vidogo ambavyo mtu mzima akivikalia magoti yanamfika kidevuni. Aliyekitunza ni mwalimu mmoja mwembamba, mtaratibu, watoto wakimwita Bi Kimya. Usidhani alikuwa anapiga kelele za "nyamazeni!" Wala. Aliinua nyusi moja tu, ile ya kushoto, na darasa zima likanyamaza, pamoja na inzi waliokuwemo. Chiriku peke yake ndiye aliyekuwa anateseka. Maneno yalimjaa mdomoni, akayashikilia kwa mikono miwili mpaka kengele igongwe, kisha akayamwaga yote barazani kwa mkupuo.

Sheria ya pili ilikuwa ya vijiti. Kila mtoto alikuwa na kijiti chake, kipande cha ubao bapa, urefu wa rula, amekipaka rangi mwenyewe. Ukitoa kitabu kwenye rafu, unaweka kijiti chako pale kilipokuwa. Ukirudisha kitabu, unatoa kijiti. Basi. Kabla ya hapo vitabu vilikuwa vinalala popote. Cha hesabu unakikuta kwenye wanyama, cha wanyama kimejificha nyuma ya kamusi. Kijiti cha Chiriku kilikuwa cha machungwa chenye madoa ya kijani. Alisema huyo ni chui, ila siku alipomchora chui alikuwa anaumwa tumbo.

Kulikuwa na jambo moja likiwanyima watoto wote raha. Kwenye rafu ya hadithi palikuwa na vitabu vitatu vya Kiboko Fundi Cherehani. Nimesema vitatu, lakini vilivyokuwepo ni cha kwanza na cha tatu. Katika cha kwanza, Kiboko anashona gauni la bibi harusi, anakesha nalo, anachomwa sindano mara ishirini, halafu anakwenda kulipeleka. Anaingia mlangoni mwa bibi harusi na kukwama. Kifua ndani, makalio nje. Kitabu kimeisha. Ukifungua cha tatu, Kiboko yuko mji mwingine kabisa, anakula keki, hana habari. Sasa alitokaje mlangoni? Hilo lilikuwa kwenye kitabu cha pili, na mahali pa kitabu cha pili palikuwa na pengo tupu. Wala kijiti hakipo!

"Nani alikitoa, mwalimu?" watoto walikuwa wakiuliza kila wiki.

"Mtu asiye na adabu," alijibu Bi Kimya. "Ningemjua, ningemwinulia nyusi zote mbili."

Watoto wakabaki kubuni. Kibogoyo, rafiki yake Chiriku, aliyekuwa amepoteza meno manne ya mbele kwa mpigo, alishikilia kwamba Kiboko alipakwa sabuni. Chiriku alisema hapana, Kiboko aliondoka na nyumba nzima kiunoni, akaivaa kama sketi, na bibi harusi yumo ndani anachungulia dirishani. Walibishana mpaka wakanuniana siku mbili.

Basi, Jumatatu moja wakakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa maktaba. Ilitoka kwa Mwalimu Mkuu, mzee wa kitambi na miwani, mtu wa matangazo. Bi Kimya akawasomea kwa sauti ndogo. Madawati mapya yanakuja, mahali pa kuyaweka hapapo, kwa hiyo chumba cha maktaba kitakuwa stoo. Vitabu vitafungwa kwenye maboksi. Ijumaa Mama Mkaguzi atakuja, atakiona chumba, ataweka saini.

"Maboksi yanafunguliwa lini?" Chiriku aliuliza.

Bi Kimya alichukua kitambaa. Alianza kupangusa rafu ambayo ilikuwa imepanguswa tayari. Chiriku alikuwa hajawahi kupoteza kitu kikubwa kuliko jino, na sasa alikuwa anakwenda kupoteza chumba kizima, na Kiboko atabaki amekwama mlangoni maisha yake yote.

"Mama Mkaguzi akiona tumejifunza kitu mle, hatasaini," alimwambia Kibogoyo walipotoka nje.

"Tumejifunza nini?"

Chiriku alifikiri. "Vijiti!" alisema. "Tunavijua vijiti kuliko shule zote. Tufanye mazoezi. Kila mahali!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana mtoto ukimwambia fanya mazoezi ya hesabu, anasinzia. Lakini hili, lo!

Jioni ileile mama yake Chiriku alifunua sufuria, akachota kwa upawa, na upawa ukatoka na kitu cha machungwa chenye madoa ya kijani.

"Chiriku! Ni nini hiki?"

"Kijiti changu, mama."

"Kinatafuta nini kwenye mchuzi wangu?"

"Nimeazima nyama," alisema Chiriku, mdomo umejaa. "Kipande kimoja. Nimeweka kijiti pale kilipokuwa."

"Umeazima!" Mama alishika kiuno. "Haya, mwanangu, na utakirudisha lini?"

Chiriku akaacha kutafuna. Hilo hakulifikiria. "Labda kesho asubuhi," alisema, na hata yeye mwenyewe akaona jibu halijakaa sawa.

Bibi yake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchele, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Mwache, mkwe wangu," alisema huku akijifuta machozi. "Mwizi anaacha na kitambulisho! Huyu si mwizi, huyu ni karani."

"Karani gani huyu! Sikiliza, wewe. Kuazima ni kwa kitu kinachorudi kama kilivyotoka. Kitabu kinarudi. Nyama hairudi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli alisikia. Sheria hiyo aliipeleka shuleni kesho yake, akawatangazia wenzake: azima kinachorudi tu. Wakaipokea kwa mikono miwili. Kufikia Jumatano shule nzima ilikuwa imeota vijiti. Kifutio cha ubao hakipo, kipo kijiti cha pinki. Kofia ya mlinzi haipo msumarini, msumari umevishwa kijiti cha njano. Kengele ya shule, ile ya mkono, ilikuwa imeazimwa na mtu aliyetaka kujua ulimi wake umefungwa na nini, na dirishani kimelala kijiti cha mistari. Mapumziko yakaendelea weee, mpaka watoto wenyewe wakachoka kucheza na kuanza kuulizana kama shule imevunjwa.

Lakini kilichofanya maji yazidi unga ni miwani. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye kikao na walimu wote. Alitaka kusoma tangazo. Kama kawaida yake, akapapasa mezani bila kutazama, akaokota, akajipachika puani, akakohoa, akaanza: "Ndugu walimu..." Walimu wakamwona Mwalimu Mkuu ana kijiti cha bluu juu ya pua. Mmoja alijifanya ameangusha kalamu, akaingia chini ya meza, hakutoka tena mpaka kikao kilipoahirishwa.

Miwani ilipatikana kwa Kibogoyo nyuma ya matangi. Alikuwa anachunguza kama siafu wana nyusi.

"Vijiti marufuku!" Mwalimu Mkuu alinguruma mbele ya shule nzima, mishipa ya shingo imemtoka. "Kumbe kazi ya chumba kile ni kutengeneza vijiti vya fujo! Sasa ndiyo kitakuwa stoo kweli kweli. Ijumaa ikifika, hakuna mjadala!"

Ndoo ikapitishwa mstari kwa mstari, na vijiti vikaanguka humo kimoja kimoja. Chiriku alitumbukiza rula. Kijiti chake alikuwa amekichomeka kwenye soksi, kikimkwaruza kisigino. Alitamani kulia kwa sauti. Yeye ndiye aliyeanzisha, na kwa kutaka kuiokoa maktaba ameimaliza kabisa.

Ijumaa asubuhi Bi Kimya alikuwa katikati ya maboksi, anapanga vitabu ndani, macho mekundu. Alimpa Chiriku ufunguo wa chumba.

"Mpelekee Mwalimu Mkuu. Kasema auone mezani kabla mgeni hajafika."

"Mwalimu, mimi ndiye..."

"Najua," alisema Bi Kimya, akamshika shavu. "Nenda, mwanangu."

Ofisini hapakuwa na mtu. Mwalimu Mkuu alikuwa getini anampokea mgeni. Chiriku aliuweka ufunguo mezani, kwa haraka ukateleza, ukaanguka, ukaingia chini. Akapiga magoti kuufuata. Na pale chini, jamani, mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi kuliko wenzake, na ulikuwa umekanyaga kitabu. Kitabu chembamba, chenye vumbi, na kwenye jalada makalio makubwa ya kijivu yamejaa mlangoni.

Kiboko Fundi Cherehani. Cha pili!

Chiriku alisahau ufunguo, akasahau hata mwenyewe yuko wapi. Aliinua meza kwa mgongo, akavuta, kitabu kikatoka. Halafu akasita kidogo, maana alikuwa mtoto aliyefundishwa. Ukitoa kitabu, unaweka nini? Akaingiza mkono kwenye soksi, akamtoa chui mgonjwa, akamlaza chini ya mguu wa meza. Meza ikainama upande. Kabla hajatoka, mlango ukafunguliwa.

"Karibu, mama, karibu, keti," ilikuwa sauti ya Mwalimu Mkuu, tamu utafikiri si yake. "Chai hii hapa."

Chiriku aliona viatu viwili vikubwa vyeusi na viatu viwili vidogo vya kahawia. Akakikumbatia kitabu na kuziba mdomo. Maneno yalikuwa yanamsukuma meno kwa ndani.

"Shule yangu, mama, ni shule ya utaratibu," Mwalimu Mkuu alisema. Juu ya meza kikombe kilianza kusogea. Akakirudisha. "Kila kitu hapa kipo mahali pake." Kikombe kikasogea tena. Akakirudisha. "Hakuna kitu kinachosogea ovyo..."

Kikombe kikamaliza safari yake. Chai yote ikaingia mapajani mwa Mwalimu Mkuu, na sauti aliyoitoa hata madarasa ya juu hayajawahi kuisikia.

Mama Mkaguzi, mwanamke mtu mzima mwenye mvi na mkoba mkubwa, aliinama kutazama meza ina nini. Akakutana na macho mawili.

"Shikamoo, mama," alisema Chiriku.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unafanya nini huko?"

Na hapo bwawa likapasuka. "Nimekuja kuleta ufunguo mama ukaanguka nikakuta Kiboko wa pili ambaye tumemtafuta hata Bi Kimya hajui alipo na yeye amekwama mlangoni na mimi nimemtoa lakini sijaiba nimeweka kijiti hiki hapa unakiona cha machungwa ndiyo maana chai imemwagika samahani lakini yule aliyemtoa maktaba hakuweka kijiti hata kimoja!"

Mama Mkaguzi alimgeukia Mwalimu Mkuu taratibu. "Nani alikiweka kitabu hapa chini?"

Mwalimu Mkuu alikuwa anajipangusa suruali kwa tangazo. "Mimi, mama," alisema. "Kwa muda tu. Meza ilikuwa inasubiri fundi."

"Fundi yuko wapi?"

"Alistaafu."

Mama Mkaguzi aliuma midomo. "Nipelekeni huko maktaba," alisema. "Na mtoto aje na kitabu chake."

Habari ilikimbia mbele yao. Kibogoyo alikuwa anapita barazani, aliliona jalada, akapiga yowe: "Kiboko wa pili kapatikana!" Kufumba na kufumbua darasa la pili lote lilikuwa kwenye mkeka, na la tatu limejaa dirishani. Kelele, vishindo, wengine wanamkumbusha Kibogoyo habari za sabuni. Bi Kimya alitoka nyuma ya maboksi, akatazama, akainua nyusi moja.

Wote wakanyamaza. Mwalimu Mkuu naye alikuwa na neno mdomoni, akalimeza. Mama Mkaguzi akajikuta ameshakaa kwenye kiti kidogo, magoti kidevuni, mkoba kifuani.

"Soma, Chiriku," alisema Bi Kimya.

Katikati ya kila ukurasa palikuwa na alama ya duara, pale mguu wa meza ulipokuwa umekaa, lakini maneno yalionekana. Chiriku alisoma. Walimpaka Kiboko sabuni. ("Nilisema!" Kibogoyo alinong'ona.) Sabuni haikusaidia, ila Kiboko alinukia vizuri. Walimpaka mafuta. Walimvuta kwa kamba, kamba ikakatika, wavutaji wote wakaangukia kwenye sherehe ya jirani. Walimnyima chakula akonde, akala maua ya bibi harusi. Walimletea nyundo kubwa ya kubomolea ukuta. Nyundo ilipoinuliwa, mtoto mmoja mdogo aliyekuwa amekaa kizingitini akauliza: "Mjomba Kiboko, huu mlango si una mabawa mawili? Umewaomba wakufungulie hilo la pili?"

Chiriku alifunua ukurasa wa mwisho.

"Kumbe linafunguka?" Kiboko aliuliza. Na mwenye nyumba, aliyekuwa ndani muda wote huo, akajibu: "Linafunguka vizuri sana. Hakuna aliyeniomba."

Mkeka mzima ukalipuka. "Aaa! Ndiyo hivyo tu?" "Yaani aliomba tu?" Kibogoyo alijitupa chali kwa hasira. Bi Kimya hakuinua nyusi. Chiriku pekee ndiye aliyenyamaza, na kwa kuwa halikuwa jambo la kawaida, watoto wakaanza kumtazama mmoja mmoja mpaka wote wakatulia.

Chiriku alikuwa anatazama maboksi. Kisha akamtazama Mwalimu Mkuu, suruali yake ina doa la chai mpaka magotini.

"Mwalimu Mkuu," alisema, na safari hii maneno yalikuwa machache, "tunaomba usiichukue maktaba yetu. Tafadhali."

Mwalimu Mkuu aliyatazama maboksi. Akamgeukia Bi Kimya. "Mwalimu mwenzangu, mbona hukuniambia kama mnakihitaji chumba?"

"Ulibandika tangazo," alisema Bi Kimya. "Nikajua tangazo likishabandikwa, hakuna tena cha kuomba. Nikapangusa rafu. Nimepangusa wiki nzima."

"Lakini mimi nilijua humu hakuna watu!" Mwalimu Mkuu alisema, na uso wake ulionyesha hasemi uongo. "Kila nikipita barazani, kimya. Asubuhi kimya, mchana kimya. Nikasema chumba hiki kinakaa bure, hakiingiwi na mtu!"

Halafu Bi Kimya, mtu ambaye hakuna mtoto aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha kukoroma, kikagonga rafu na kurudi. Mama Mkaguzi akafuata, mkoba ukaanguka, kalamu ya kusainia ikabingiria chini ya maboksi na hakuna aliyejisumbua kuitafuta. Watoto walicheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Mwalimu Mkuu alijikaza, akajikaza, mwisho kitambi kikaanza kutikisika chenyewe.

Madawati yalipokuja yalipangwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na yeye akawa anafanyia kazi nje, mlangoni pa ofisi, ambako anasema hewa ni nzuri. Meza ilikatwa ile miguu mitatu mirefu ikalingana na mfupi. Ndoo ya vijiti ilirudi maktaba, na siku moja kijiti kipya kilionekana kwenye rafu ya hadithi, cha kijivu, kimepakwa rangi kwa shida na mtu mzima aliyekuwa hajashika brashi muda mrefu. Mwenye kijiti hicho alikuwa ameazima Kiboko cha tatu. Alisema anataka kujua habari za keki.

Sheria ya kimya ilibaki palepale, ila iliongezwa kifungu kimoja. Viatu vikubwa vyeusi vikisikika vinakuja barazani, Bi Kimya anamgeukia Chiriku na kumpa ishara kwa kidole. Chiriku anainuka, anakwenda kusimama karibu na dirisha, anavuta pumzi, na anaongea. Anaongea chochote kinachomjia, kwa sauti yake yote, bila kituo, mpaka viatu vipite na kuishia kabisa mwisho wa baraza.